Radhi Arobaini na Tatu

Najiat binti Lukumani alizaliwa na koo la kasuku. Akikusikia ukisema neno moja, la pili atalisema yeye kwa sauti yako. Akikuona ukitembea hatua tatu, ya nne ataitembea yeye, na anayekufahamu akiona kivuli tu atasema huyo ni wewe. Kwao ni Puge, nyumba ya wakulima wa mpunga na karanga, na huko alikuwa ameshawamaliza wote: wajomba, mashangazi, jogoo wa jirani, hata mashine ya kukoboa mpunga inapokataa kuwaka. Alipoingia kidato cha kwanza katika seminari ya Kiislamu ya wasichana pale Isevya, mjini Tabora, hakuwa na anayemjua. Haikufika Ijumaa ya pili, bweni zima likawa linamwita kwa jina.

Mwaka ulikuwa umegeuka, naye sasa yuko kidato cha pili. Kila alasiri, nguo zikishaanikwa na kabla ya kengele ya darasa la Kurani, wasichana walijipanga juu ya vitanda kama kuku kwenye kichanja.

"Najiat, tupe Mwalimu Advera!"

Najiat alijifunga kitenge kiunoni, akasukuma miwani ambayo hana juu ya pua, na mara akawa Mwalimu Advera wa baiolojia, Mhaya wa Bukoba, akiuliza kwa uchungu kama wa msiba ni nani aliyemchorea figo lenye umbo la andazi. Wasichana walianguka wakicheka. Batuli, rafiki yake anayelala kitanda cha chini, alikuwa akicheka mpaka anapata kwikwi.

Lakini aliyependwa kuliko wote alikuwa Mzee Ngollo, mpishi.

Mzee Ngollo alikuwa na kigugumizi. Hakikumzuia kusema, alikuwa mtu wa maneno hasa. Alisimama kwenye dirisha la bwalo, upawa mkononi, na kila msichana aliyefika na sahani alipata maharage yake na neno lake. "Ba-Ba-Batuli, umechelewa. Ma-maharage yameulizia habari zako." Foleni ilikuwa ndefu kwa ajili hiyo, na hakuna aliyelalamika.

Siku moja ya mwezi wa Rajabu, baada ya chakula, Najiat alipanda juu ya benchi bwaloni, akashika upawa, akawa Mzee Ngollo. Alikitia kile kigugumizi chumvi na pilipili. Neno moja akalikokota kutoka meza ya kwanza mpaka mlangoni, macho yamemtoka, shingo imekaza. Bwalo lilipasuka kwa vicheko. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi kidogo, ila nani angeutazama mlango saa hiyo?

Kesho yake Mzee Ngollo aligawa chakula kimya. Kesho kutwa pia. Wengine walisema ni jino. Wengine wakasema mkewe anaumwa. Najiat naye aliamini ni jino, akamwonea huruma, na akaongeza jino lililovimba kwenye maigizo yake.

*

Ilipoingia wiki ya mwisho ya Shaabani, Ustadhat Asmahani, mkuu wa shule, aliwabakisha wasichana msikitini baada ya sala ya alasiri. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini, ambaye hakuwahi kuonekana akikimbia wala akichelewa. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha na harufu ya udongo ilikuwa imejaa humo ndani.

"Wakubwa mnaijua mila yetu," alisema. "Wageni wasikilize. Hatuingii Ramadhani na mizigo ya watu. Haki ya Mungu, Mungu ataisamehe. Haki ya mja anaisamehe mja mwenyewe. Kila mmoja achukue karatasi, aandike aliowakosea, awaendee mmoja mmoja kabla mwezi haujaandama. Karatasi sitaiona. Ni yako na Mola wako."

Msichana mmoja wa kidato cha kwanza akauliza kama inatosha kumwambia mtu "nisamehe" bila kueleza.

"Ukinunua gunia bila kulifungua, umenunua nini? Mweleze. Kwa adabu, lakini mweleze."

Najiat alinyoosha mkono. "Na kama hajui kuwa alikosewa, Ustadhat?"

Ustadhat Asmahani alimgeukia. "Wanazuoni wana maneno marefu hapo. Mimi nitakuuliza neno fupi: ungependa akaambiwe na wewe, au na mwenzako wa kitanda cha jirani?"

Msikiti mzima ukageuka kumtazama Najiat. Batuli akaanza kwikwi.

Jioni hiyo waliandika. Batuli alimaliza mapema. Alikuwa na watu wanne, na wawili kati yao ni kwa sababu ya ndoo ileile. Wengine walikuwa na sita, wengine wanane. Najiat aliandika upande wa mbele, akageuza, akaandika upande wa nyuma, akaomba karatasi nyingine.

"Umefika wangapi?" Batuli aliuliza.

"Arobaini na wawili. Na Mzee Ngollo arobaini na watatu. Nimemweka mwisho, yeye ni mpole. Hatanisumbua."

"Mwenzangu, hiyo si orodha. Hilo ni daftari la mahudhurio."

*

Alianza na wanafunzi wenzake, na hao walikuwa kazi nyepesi, maana wengi waliwahi kujicheka wenyewe. Kwa wakubwa ndiko kulikokuwa na kibarua. Matroni alitaka kwanza kuonyeshwa alivyoigizwa akitafuta ndala zake huku amezivaa. Alipoonyeshwa, alikaa chini kitandani akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ushungi. Mwalimu Advera hakucheka. Alikunja mikono kifuani, akamwambia, "Nitakusamehe ukinitajia sehemu za figo zote, kwa sauti yangu hiyohiyo." Najiat akasukuma miwani asiyonayo, akazitaja zote bila kuruka hata moja, na ndipo alipogundua kuwa anazijua.

"Umesamehewa," alisema Mwalimu Advera. "Na kwenye mtihani uje na sauti hiyo."

Kufikia Jumamosi alikuwa amebakiwa na wawili tu. Aliomba ruhusa ya kwenda mjini na Batuli, wakateremka mpaka Gongoni, kwenye duka la vitambaa la Bi Dolatbai, ambako sare zote za shule hukatwa.

Bi Dolatbai alikuwa bibi wa Kihindi wa miaka sabini na ushei, Mhindu, mzaliwa wa Tabora, na Kinyamwezi chake kiliwashinda watoto wengi wa mjini. Alikaa nyuma ya meza ndefu ya mbao, futi ya chuma mkononi kama fimbo ya mwalimu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Mmechana sare tena?"

"Hapana, Bibi. Nimekuja kuomba radhi. Huwa nakuigiza. Bwenini. Unavyopima kitambaa na unavyogombana na wateja."

Bi Dolatbai aliiweka futi mezani taratibu. "Igiza."

"Bibi?"

"Nimesema igiza. Nitasameheje kitu sijakiona?"

Najiat akaichukua ile futi. Akainamisha mgongo, akakunja uso, akavuta kitambaa cha hewani mbele yake. "Mita tatu ni mita tatu, mama! Unataka nikukatie na ukuta? Duka hili si shamba la baba yako, na hata la baba yako lina mpaka!"

Kisha bibi akapaza sauti kuelekea ghorofani. "Vishal! Vishal, teremka! Njoo umwone mama yako, wako wawili!"

Mwanawe Vishal alishuka na kikombe cha chai mkononi. Najiat akaambiwa arudie, akarudia, na ile chai ikamwagika ngazini. Bi Dolatbai alicheka bila sauti, mabega yakimtikisika, kisha akanyanyuka.

"Nimekusamehe. Lakini umekosea mahali. Niangalie." Alifungua jora la kitambaa cheupe, akapima mita tatu akifokea mteja ambaye hayupo, kisha, kabla ya mkasi kugusa, kidole chake kikateleza mbele, kama upana wa viganja viwili. Akakata hapo, zaidi ya zile mita tatu. "Miaka hamsini nafanya hivi. Umeona mdomo, hukuona kidole. Wewe unaiga nusu ya mtu, mwanangu."

Najiat alikuwa amekuja dukani pale mara tano na kweli hakuwahi kukiona kile kidole.

"Na Ngollo?" bibi aliuliza akikunja kitambaa. "Mpishi wenu ana nini? Juzi amekuja kumnunulia mkewe kanga. Ngollo ninayemjua tangu kijana! Akiingia humu, mpaka atoke nimecheka mara tatu. Juzi ameniandikia kwenye karatasi. 'Kanga pea moja, nyekundu.' Kaniwekea mezani kama bubu. Nikamuuliza, Ngollo, nani amekuibia ulimi? Akainama tu."

Batuli alimtazama Najiat. Najiat alikuwa akitazama sakafu.

"Si jino," alisema kwa sauti ndogo.

"Jino gani?" aliuliza Bi Dolatbai.

*

Njia ya kurudi Isevya ilikuwa ileile, lakini iliongezeka urefu. Batuli alijaribu kusema habari za mvua, akaacha.

Mzee Ngollo alikuwa nyuma ya jiko, amekaa kwenye kigoda, akichambua maharage kwenye ungo. Najiat alichuchumaa mbele yake, akatoa salamu, akasema yote: siku ile ya Rajabu, benchi, upawa, shingo, vicheko. Hata lile jino alilolitunga baadaye akalisema. Sauti yake safari hii ilikuwa yake mwenyewe.

Mzee aliendelea kuchambua. Alitoa jiwe moja, akalitupa. Kisha akainua kichwa.

"Ni-ni-ni..." Neno lilikwama. Shingo yake ikakaza, macho yakafumba. "Ni-ni..."

"Umenisamehe?" Najiat alidakia.

Mzee Ngollo akafunga mdomo. Akatikisa kichwa kukubali, akaweka mkono kifuani, akarudi kwenye maharage yake.

"Si kashakusamehe?" Batuli alisema walipokuwa wakivuka uwanja. "Arobaini na watatu. Umemaliza."

"Nimemnyang'anya tena," Najiat alisema. "Umeona? Alikuwa na neno lake mdomoni, nikalichukua."

Hakuwa mtu wa kulia, lakini alipofika mlangoni kwa Ustadhat Asmahani pua ilikuwa imeshaanza kumvuja. Ustadhat alimkaribisha, akampa leso, akasikiliza mpaka mwisho.

"Mtu akichukua kuku wa jirani," alisema, "kisha akaenda akasema nisamehe, na jirani akasema nimekusamehe, kuku yuko wapi?"

"Kwake aliyechukua."

"Wewe umechukua nini?"

Najiat alifikiri. "Maneno yake."

"Basi nenda ukayarudishe. Namna yake utaiona ukiwa huko." Kisha, Najiat akiwa tayari amesimama, akaongeza, "Mimi ni namba ngapi kwenye hiyo orodha? Nimesubiri wiki nzima."

"Ustadhat," alisema Najiat, akikwepa macho yake, "wewe hujaandikwa humo. Nimejaribu kukuigiza. Hushikiki."

Ustadhat Asmahani alionekana, kwa mara ya kwanza tangu ajulikane, kama mtu aliyekosa zawadi.

*

Zilibaki siku nne. Najiat aliomba kazi ya jikoni saa za mapumziko, akapewa. Alijiwekea sharti moja: hatasema neno mpaka Mzee aseme, na akianza kusema hatamdakia. Kwa Najiat hiyo ilikuwa saumu kabla ya saumu.

Siku ya kwanza walimenya viazi vitamu tangu adhuhuri mpaka alasiri, na kilichosikika ni visu tu. Siku ya pili Mzee Ngollo alionja mchuzi, akamgeukia.

"Chu-chu-chu..."

Najiat aliuma ulimi. Kichwani maneno yalimkimbilia kama mbuzi waliofunguliwa: chungu, chujio, chupa. Alikaa juu ya mikono yake. Akasubiri. Kuni zilipasuka jikoni, ndege alitua dirishani akaondoka.

"Chu-chumvi imezidi. Na-nani kaitia?"

"Mimi," alisema Najiat, na ilimbidi ageuke ukutani ili Mzee asione alivyofurahi kukaripiwa.

Siku ya tatu mvua kubwa ilinyesha, bati likanguruma, hakuna aliyeweza kutoka. Walikuwa wakiosha michembe, vile viazi vilivyokatwa na kukaushwa, kwa ajili ya futari za mwanzo. Mzee Ngollo akaanza kusimulia bila kuulizwa. Babu wa babu yake alikuwa mpishi wa misafara, alisema. Alitoka na wapagazi hapa Unyanyembe mpaka Ujiji, akarudi, akaenda mpaka pwani, sufuria kichwani. Naye alikuwa na kigugumizi. Wapagazi walikuwa na desturi: jioni hawali mpaka yeye amalize kusema kilichopikwa. Akikwama kwenye "mtama", watu sitini wanasubiri na njaa yao, na ole wake atakayemmalizia, maana huyo analala bila kula.

Simulizi hiyo ilichukua mvua nzima. Mtu mwingine angeisema kwa dakika tano. Najiat aliisikiliza neno kwa neno, na mahali fulani katikati, pale kwenye mto Malagarasi na mpagazi aliyeogopa viboko, akasahau kuwa anasubiri. Alikuwa anasikiliza tu.

"Alikuwa anaitwa nani?" aliuliza mvua ilipokatika.

"Ngo-Ngo-Ngollo," alisema Mzee. Akatabasamu. "Ji-jina tumelirithi na mzigo wake."

*

Siku ya nne ilikuwa ishirini na tisa Shaabani. Mchana, foleni ilipojipanga bwaloni, dirisha la jikoni halikufunguka kwa wakati. Wasichana wakaanza kugonga sahani. Mara likafunguka kwa kishindo, na Mzee Ngollo akatokea amejifunga kitenge cha Najiat kiunoni.

Akaweka mkono mmoja nyongani. Akainua kidevu. Akapepesa kope.

"Jamani jamani, nyie mnajua kitu?" alisema, kwa haraka, kwa sauti nyembamba ya msichana wa Puge. "Mimi leo nimepika peke yangu! Huyu mzee hajafanya lolote, amekaa tu, mimi ndiye nimemenya, mimi nimekatakata, chumvi nimetia mara mbili kwa sababu ya kwanza ilikuwa inajisikia mpweke! Batuli, usinicheke, utapata kwikwi, na nikikupa maji utasema nimekosea, halafu nitakuandika kwenye orodha, na karatasi imeisha!"

Hakukwama hata mara moja. Maneno yalitoka kama mtama kwenye gunia lililotoboka.

Sahani zilisimama hewani. Kisha Batuli akatoa kwikwi moja, ikasikika hadi nyuma, na hapo ndipo bwalo lilipolipuka. Wengine walipiga meza, wengine walikumbatiana. Najiat, aliyekuwa ndani ya jiko nyuma ya Mzee, aliteleza ukutani mpaka chini akakaa kwenye maganda ya viazi, akicheka huku machozi yakimtiririka. Alikuwa yeye! Kidevu kile, kope zile, ile pupa ya kusema. Hakuwahi kujiona namna hiyo, na hakujua kama anaaibika au anafurahi. Yote mawili yalikuwa yamemjaa kwa pamoja.

Mzee Ngollo alifungua kitenge, akamgeukia. "Na-nami niandike. Nimekuigiza mbele za watu. Ni-nisamehe."

Najiat alisubiri mpaka neno la mwisho lilipotua. "Nimekusamehe, Mzee wangu. Lakini mbona hukukwama?"

"Ni-nikiwa mimi, maneno yanagombania mlango. Ni-nikiwa mtu mwingine, ya-yanapita."

Batuli alikuwa amechomoza kichwa dirishani. "Sasa Mzee, kwa nini usiwe mtu mwingine siku zote?"

Mzee Ngollo alichovya upawa kwenye sufuria, akafikiri. "Kwa sababu," alisema, "mke wangu a-a-ameolewa na huyu."

Kisha akagonga upawa kwenye ukingo wa dirisha, akaita wa kwanza kwenye foleni kwa jina, na maharage yakaanza kugawiwa pamoja na maneno. Chakula siku hiyo kilichelewa kwisha kwa nusu saa. Mwalimu Advera alikuja bwaloni kuuliza kwa nini darasa lake ni tupu. Alikuta wasichana wamesimama na sahani zao wakisubiri Mzee amalize kumweleza mmoja wao kwa nini kiazi chake kina pua. Akasimama naye akasubiri.

*

Jioni, baada ya magharibi, wote walitoka uwanjani kuutazama mwezi. Upande wa machweo mawingu yalikuwa yamefunga kama pazia. Walitazama, wakaelekeza vidole, msichana mmoja akaapa ameuona, ikawa ni taa ya mnara wa simu. Mwishowe Ustadhat Asmahani alitoka ofisini na redio ndogo mkononi, akaongeza sauti. Sheikh mmoja, kwa sauti nzito iliyojaa mikwaruzo ya mawimbi, alikuwa akitangaza kuwa mwezi umeonekana sehemu nyingine za nchi na kwamba kesho ni Ramadhani.

Uwanja ulijaa takbira na vigelegele. Watu wakakumbatiana, wakiombana radhi tena hata waliokwisha kuombana. Matroni alimkumbatia Najiat, akamnong'oneza kuwa siku ya Iddi akiigiza, asimsahau. Ameongeza ndala nyingine.

"Najiat!" mtu mmoja aliita kutoka gizani. "Tupe Sheikh wa redioni!"

"Tupe! Tupe!"

Najiat alikuwa ameshajitayarisha bila kujua. Kifua kilikuwa kimetuna, kidevu kimeshuka, ile sauti nzito iko kooni inasubiri mlango. Aliishikilia hapo. Wasichana walisogea karibu.

"Subirini," alisema, kwa sauti yake. "Kuna mwenye namba yake ya simu? Kwanza nimwombe."

Ustadhat Asmahani alicheka. Kicheko chake kilikuwa cha ghafla, chenye mkoromo mdogo mwishoni, ambao hakuna aliyewahi kuusikia. Aliziba mdomo mara moja, lakini Najiat alikuwa ameshageuza shingo.

"Ustadhat," alisema polepole, macho yakimng'aa, "samahani, naweza kuomba ruhusa ya kitu?"

"Hapana," alisema Ustadhat, akiwa bado anacheka. "Mpaka Iddi. Haya, twendeni tukatawadhe."

Wakaenda kwa makundi, ndala zikipiga kwenye tope, na kutoka jikoni Mzee Ngollo akawaita wawili waje wamsaidie kuteka maji ya daku. Aliita majina yao mpaka mwisho, nao wakasimama kusikia.